Rufaa ya Moto wa Mhina

Msibani kwa Wakili Natubhai, mwezi uliopita, nilikaa nyuma ya mawakili vijana waliotoka Tanga na Dar es Salaam kuja kumuaga Korogwe. Walivaa suti nyeusi juani na kunong'onezana kesi zake: ile ya mpaka wa shamba, ile ya lori, ile ya tajiri aliyenyang'anywa leseni. Mmoja wao alisema marehemu hakuzipenda kesi zinapoanza. Alizipenda zikishaharibika, zinapofika rufaa. Wenzake wakatikisa vichwa kama watu wanaozungumzia ugonjwa wa ukoo. Kesi yetu haikutajwa. Wala sikushangaa, maana hatukuwa matajiri na sidhani kama kuna kitabu cha hukumu kinachotutaja. Lakini nilitaka kumshika yule kijana bega nimwambie, mwanangu, mimi nilikaa mwaka mzima ndani ya rufaa ya mtu huyu, na jambo la ajabu kama lile sijaliona tena, na umri huu nilio nao sitegemei kuliona. Sikumshika. Msiba wa watu si mahali pa kushindana kumjua marehemu. Nimerudi nyumbani, nimeona heri niandike.

Ilikuwa zamani za Waingereza, vita vya Hitler vimekwisha si muda mrefu. Nilikuwa mke mpya wa Mhina, bado hata mikeka yangu ya harusi haijachakaa. Shamba letu lilikuwa upande wa Handeni, jirani na shamba la mkonge la Mgiriki mmoja. Kiangazi kilipokaribia mwisho Mhina alichoma majani, kama kila mtu alivyochoma kabla ya mvua. Upepo ukageuka, moto ukaruka njia, ukaingia ghala la katani, na katani ikishashika moto haina mjadala. Mtu hakufa, ila ghala lilibaki majivu. Askari walimkuta Mhina pale pale na tawi mkononi, hajakimbia. Siku ya kesi mimi nilikuwa bado natafuta pa kukaa ndani ya ile korti wakati hakimu anasomewa shtaka, na mkalimani analigeuza: kwamba wewe Mhina ulichoma ghala la watu kwa makusudi. Mhina akasimama wima, akajibu kwa sauti ya heshima, "Ni kweli, bwana. Moto ni wangu." Akanyamaza. Hakimu akainamisha kichwa akaandika, na alipokiinua alimpa miaka saba. Nilikuwa ndio kwanza nimeketi.

Watu wa Handeni wanaojua mambo ya boma walinihurumia kwa sentensi moja: aliyekiri hana rufaa. Karani alisema hivyo, fundi cherehani alisema hivyo, hata polisi mmoja ambaye sikumuuliza. Ni mjomba wake Mhina, Mzee Semhando wa Masuguru pale Korogwe, ndiye aliyekataa kusikia. Alikuja akanichukua mpaka Korogwe, akanipa chumba nyumbani kwake, na kesho yake akanipeleka kwa Mhindi aliyesemekana anakaa na karatasi za kesi zaidi kuliko anavyokaa na watu. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kaka yake aliyeuza majembe na kaniki. Ngazi zilikuwa za mbao, na harufu ya kaniki mpya ilipanda nasi mpaka juu, ikachanganyika na harufu ya iliki kutoka jikoni kwao, kwa kuwa ofisi na nyumba vilitenganishwa na pazia tu. Wakili Natubhai alikuwa mwembamba, hajafikisha miaka arobaini, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mzee Semhando alikuwa anamwinamia kumsikia. Nikajiuliza jaji atamsikiaje.

Alisoma mwenendo wa kesi yetu akiwa amesimama. Akageuza ukurasa, akatazama nyuma ya karatasi kuona kama kuna mwingine.

"Mzee, hii ndiyo kesi yote?"

"Ndiyo waliyotupa, bwana wakili."

"Nimewahi kusoma mapishi marefu kuliko hii."

Mimi nikaona huu ndio wakati wangu. Nikaanza kumhesabia mashahidi: jirani aliyeona upepo ukigeuka, mama mmoja aliyesikia Mhina akipiga kelele za kuomba maji, kijakazi wa Mgiriki aliyemwona akiupiga moto kwa matawi mpaka mikono ikababuka. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, hao wote hawaji." Nikadhani hakuelewa, nikaanza upya. Akaninyooshea zile karatasi. "Jaji wa rufaa hasikilizi mashahidi wapya. Upepo haumo humu, basi kwake upepo haukuvuma. Kelele hazimo, basi hakupiga. Ninachoruhusiwa ni kilichomo humu ndani tu, na humu ndani mumeo amesema ni kweli." Nilipoteremka zile ngazi nilimwambia Mzee Semhando kwamba amenileta kwa mgonjwa. Kesi gani hiyo isiyotaka kujua kilichotokea?

Habari ya malipo waliizungumza wanaume, mimi sikuambiwa. Nilichojua ni kwamba asubuhi nitakwenda kumsaidia mama yake wakili, bibi mmoja mnene, macho yake yamepungua nuru, aliyehitaji mtu wa kuchagua dengu. Basi mwaka wangu ukapita upande wa jikoni wa lile pazia. Nilijifunza kusukuma chapati zao nyembamba mpaka mkono unaonekana upande wa pili, na kuzipaka samli zikiwa bado zinapumua. Hawakula nyama kabisa, na mimi niliyedhani chakula bila kitoweo ni adhabu nilijikuta naingojea ile dengu na achari ya embe kama mtoto. Bibi hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili, ila aliyokuwa nayo yalimtosha. Siku za mwanzo machozi yalinitoka hovyo nikiwa juu ya ungo, naye bila hata kunitazama alinisogezea sahani. "Wewe kula kwanza. Lia badaye." Nilimpenda kwa hilo, na mpaka leo wajukuu zangu wakinililia nawaambia vivyo hivyo.

Upande wa pili wa pazia nilikuwa nasikia kazi ya wakili. Kusema kweli, kwa muda mrefu nilikuwa nasikia kimya na nyayo. Alikuwa anatembea. Dirishani, mezani, dirishani. Alisoma hukumu za watu wa mbali, waliofungwa kwa ng'ombe na kwa visu, akitafuta majaji waliotangulia walisema nini mtu akikiri nusunusu. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwa wakili mwingine. Kortini angezungumza Kiingereza. Hata hivyo hoja hiyo hiyo aliisema kwanza kwa Kiswahili, lugha ya washtakiwa wake, si Kihindi chao cha nyumbani, mbele ya kaka yake, wakati duka limefungwa kwa chakula cha mchana. Kaka yake hakujua Kiingereza cha kufika popote. Wakili alisema hoja isiyomwingia muuza majembe ina kasoro, imejificha tu nyuma ya lugha. Basi kaka anakula, mkono mmoja kwenye sahani, na mdogo wake amesimama mbele yake na zile karatasi kama yuko mbele ya jaji.

Siku moja nilisikia jina la Mhina, nikaacha unga nikasogea. Ile sauti ndogo ilikuwa imebadilika, imekuwa na makali. "Mtu huyu ni mtu mzima, ana shamba, ana mke. Amesomewa shtaka katika lugha yake. Ameambiwa 'kwa makusudi', amelisikia. Hakusema 'ila'. Hakusema 'lakini'. Amesema ni kweli. Mkimwachia huyu leo, kesho kila aliyekiri atakuja hapa kusema hakukiri, na korti zifungwe watu wakalime." Kaka yake akaacha kutafuna, akasema, "Hapo umemmaliza." Mimi nilifungua pazia kwa mikono yangu ya unga. Sikumbuki niliyoyasema yote, nakumbuka nilimwita msaliti na nilimwita jina jingine la Kizigua ambalo nashukuru hakulielewa. Bibi huko jikoni akauliza nani amekufa.

Wakili hakukasirika. Alinitazama kwa furaha, kwa kweli ni furaha ile, kama mtu aliyeletewa alichokuwa anatafuta. "Vizuri. Haya, nijibu, mama. Nimekosea wapi?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Upepo haumo, mashahidi hawamo. Nikabaki kudondosha unga sakafuni kwake.

"Nami sina jibu," akasema. "Ndiyo maana nakaa upande huo. Nikipata jibu nitahama. Nisipolipata hapa ndani, wakili wa serikali atanionesha mbele ya jaji, na hapo hakuna pa kujificha."

Niliogopa siku ile, lakini hofu yangu ilikuwa na heshima ndani yake ambayo haikuwamo asubuhi. Nilikuwa nimedhani kazi ya wakili ni kumpenda mtu wake na kumsemea. Huyu alikuwa anamjengea Mhina gereza tofali kwa tofali, zito kuliko lile alilofungiwa, ili aone kama lina mlango. Aliporudi kutembea dirishani, mezani, sikuzisikia tena zile nyayo kwa dharau. Nilichagua dengu polepole ili mlio wa ungo usizifunike.

Jibu lilipatikana Masuguru, na aliyelipata hakuwa analitafuta siku ile. Wakili alikuja siku ya Jumapili kumuuliza Mzee Semhando jambo kuhusu mpaka wa shamba katika kesi nyingine, akamkuta barazani na watu. Mbuzi wa kijana mmoja wa ukoo alikuwa ameingia kwa mama jirani na kummalizia maharage yake. Hatukuweza kumfukuza mgeni wala kusimamisha shauri, basi nikamwekea wakili kigoda pembeni, nikampa mhogo wa kuchemsha na chai. Yule mama alisema malalamiko yake, na hakuyapunguza. Mzee Semhando akamgeukia kijana. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Ni kweli. Mbuzi ni wangu."

Kijana akanyamaza. Watu wote wakanyamaza. Mzee akakaa kidogo, akatafuna, akasema, "Haya. Tumekusikia. Sasa sema." Na hapo ndipo kijana aliposema: kwamba mbuzi alikuwa amefungwa, kwamba kamba imekatwa kwa kisu, kwamba watoto wa mama huyo huyo ndio walioikata wakitaka kamba ya kuchezea. Kamba ikaletwa ikaonekana. Mama akacheka mwenyewe, shauri likaisha, na mimi nikaenda kuchukua kikombe cha wakili. Kilikuwa kimejaa, chai imeganda utando. Mhogo hakuugusa.

"Mzee," akasema, "huyu kijana hakuwa na kosa. Kwa nini ameanza na kusema ni kweli?"

Mzee Semhando alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunavua viatu mlangoni. "Sasa ataanzaje kujitetea, bwana wakili, kabla hajapokea neno? Mwenzio ameleta malalamiko mbele za watu. Kwanza unayapokea. Mbuzi si wako? Ni wako. Sema ni wako, unyamaze. Halafu mwenye baraza atakupa nafasi. Mtu anayeanza na 'lakini', huyo hajalelewa."

"Na asipopewa nafasi?"

"Haiwezekani asipewe." Mzee akafikiri. "Baraza gani hilo?"

Wakili Natubhai aliondoka bila kuuliza habari ya mpaka. Kesho yake mchana kaka yake alisikiliza hoja mpya, na safari hii aliacha kula mapema. Wakili alikuwa amehama. Lakini furaha yangu haikudumu, maana mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga: kwa hiyo mzee atakuja kumweleza jaji? Akatikisa kichwa. Baraza la Masuguru halimo kwenye karatasi. Nikamwambia basi tumpelekee Mhina ujumbe gerezani, safari hii akiulizwa aseme hapana. Hapo tu ndipo nilipomwona akikunja uso mwaka mzima. "Usithubutu, mama. Nikimfundisha neno, jaji atalisikia neno langu mdomoni mwake. Mwacheni kama alivyo." Sikumwelewa. Nilimtii kwa shida, na Mzee Semhando alinilinda kama mwizi kila nilipokaribia lori liendalo Tanga, alikofungwa Mhina.

Jaji alifika Korogwe kwenye safari yake ya kusikiliza kesi, mvua za vuli zimekwisha kunyesha. Nilivaa kanga mpya, nikakaa karibu na Mzee Semhando na kaka yake wakili, aliyefunga duka siku ya soko, jambo ambalo mji mzima ulilizungumza. Mhina aliletwa kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda, na makovu ya moto mikononi mwake yalikuwa yamekuwa meupe. Alinitafuta kwa macho, aliponipata akayainamisha. Kila kilichosemwa kwa Kiingereza mkalimani alikigeuza kwa ajili yake, nami nikasikia yote. Wakili wa serikali alisema maneno yale yale niliyoyasikia nyuma ya pazia, karibu neno kwa neno, hata ya "ila" na "lakini". Tofauti ni kwamba Natubhai aliyasema vizuri zaidi.

Kisha yeye akasimama, na ile sauti ndogo ikafanya kazi ambayo sikuitegemea: jaji alisogea mbele kumsikia, na chumba kizima kikaacha kukohoa. Hakuzungumza sana. Alisema shtaka lina mambo mawili, moto na makusudi. Mtu huyu ametaja moto. Hakuna mahali kwenye karatasi alipoulizwa makusudi, wala alipoulizwa chochote tena. Jaji akamkatiza. Kama hakukusudia, mtu mwenye akili zake angewezaje kusikia neno hilo akajibu ni kweli, akanyamaza? Nilijua jibu. Mzee Semhando alijua jibu, nilimsikia akivuta pumzi. Na wakili wetu hakulitoa. Alisema, "Mheshimiwa, jibu la swali hilo halimo kwenye kumbukumbu, nami siruhusiwi kulitoa mfukoni. Ila mtu mwenyewe yupo. Naomba asomewe shtaka kama alivyosomewa siku ile, kisha asiulizwe na mtu yeyote neno zaidi." Wakili wa serikali alipinga. Jaji alifikiri, akasema hajawahi kuombwa jambo kama hilo, akamwamuru mkalimani asome.

Mkalimani akasoma. Ulichoma ghala la watu kwa makusudi. Mhina akasimama wima, kama siku ile ya Handeni.

"Ni kweli, bwana. Moto ni wangu."

Akanyamaza. Kaka yake wakili akafunika uso. Mimi nikamtazama Natubhai afanye kitu, aseme, anyanyue mkono. Alisimama mikono nyuma, macho mezani, hatikisiki. Kalamu ya jaji ilikuwa mkononi na nilimwona akiishusha kuelekea karatasi. Mhina alikuwa amesimama anamtazama, mtulivu, kama mtu aliyefika zamu yake barazani na anaheshimu mwenye baraza. Hatimaye jaji akaacha kalamu, akamgeukia wakili kwa hasira kidogo.

"Ni hayo tu anayosema?"

"Mheshimiwa, ni hayo tu aliyoulizwa."

Jaji akamtazama wakili, akamtazama Mhina, akatazama ule ukurasa mmoja uliotoka Handeni. Akamwambia mkalimani, "Muulize kama ana la kusema."

Mhina alipogeuziwa maneno hayo mabega yake yalishuka. "Ahsante, bwana," akasema. "Nilikuwa nangoja." Na akasema. Alisema upepo ulivyokuwa asubuhi na ulivyogeuka, alivyokata njia ya moto na moto ulivyoiruka, alivyoita watu, alivyoupiga kwa tawi la mwarobaini mpaka tawi likawaka mkononi. Hakuharakisha wala hakulia, alipanga habari yake kuanzia mwanzo, habari aliyokuwa ameibeba gerezani ikiwa imekamilika miezi yote ile kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiseme. Jaji hakuandika. Alisikiliza kidevu mkononi. Alipotoa uamuzi alisema kilichoandikwa Handeni hakikuwa kukiri kosa, akaifuta ile hukumu, akaamuru Mhina aachiwe siku hiyo hiyo. Mzee Semhando alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa hata askari wakamkanya, kisha wakacheka nao.

Wakati wanamwandika Mhina kwenye vitabu vyao vya kumtoa, mimi nilizunguka nyuma ya boma kumtafuta wakili. Nilimkuta ameketi peke yake kwenye ngazi ya saruji, koti lake jeusi magotini. Alikuwa ametapika kando ya ukuta. Mtu alikuwa amempa glasi ya maji. Nikapiga magoti nimshukuru, akanikataza kwa mkono. Ndipo nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu Mhina aliponyamaza.

"Bwana wakili, ulijua jaji atamuuliza?"

"Hapana, mama."

"Na kama angeandika tu, kama yule wa kwanza?"

Alikunywa, maji mengine yakamwagika kwenye shati. "Angerudi gerezani. Na safari hii mimi ndiye ningekuwa nimemfunga."

Sikujua kama nimpige au nimbusu mikono. Mume wangu alikuwa amening'inizwa mbele ya macho yangu kwa uzi, na aliyeushika uzi hakujua kama utabeba, ila alijua hakuna uzi mwingine. Nilikuwa bado chini pale, nimeduwaa, niliposikia nyayo nyuma yangu. Mhina alikuwa amekwisha achiwa. Alikuwa ametusikia. Alimtazama yule Mhindi mwembamba, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunangoja wote wawili." Akaketi kando yake kwenye ile saruji, bega kwa bega.